Chakula cha Kitambaa: Kazi ya Sindano kwa Nyumba Yote

Mama mpendwa, umepata kumtazama mtoto wako anapojipikilisha? Amekaa chini ya mti, amepanga mawe matatu, na juu yake ameweka kifuniko cha kopo. Ndani ametia udongo na majani. Anakoroga, anajifanya anaonja, kisha anamwita mdogo wake: "Karibu chakula." Nawe wapita na ndoo kichwani, wasema moyoni: huyu anachezea uchafu tu. Basi leo twakuomba uitue ndoo kidogo, ututegee sikio.

Mtoto anayejipikilisha yumo kazini. Mikono yake yajifunza kushika na kukoroga. Ulimi wake watafuta maneno. Moyo wake wajifunza kumkaribisha mwenzake kabla ya kujipakulia mwenyewe. Bibi zetu walilijua jambo hili bila kusoma kitabu, na wataalamu wa siku hizi wamelikubali: mchezo ndio shule ya kwanza. Serikali nayo ilizindua mwezi Desemba 2021 programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, inayotazama miaka minane ya kwanza ya maisha. Hiyo ndiyo miaka ambayo wengi wetu twasema, "Bado mdogo, mwache tu."

Kwa hiyo twawaletea kazi ndogo ya sindano: kumshonea mtoto chakula cha kuchezea, na kuishonea nyumba mapambo, kwa vitambaa vilivyochakaa. Si anasa ya watu wa mjini. Twaiandika tukiwafikiria hasa wazazi wa Nyakunguru na wa vijiji vya Tarime na Serengeti, ng'ambo hii na ng'ambo ile ya Mto Mara. Lakini hata wewe uliye Sumbawanga au Mahenge waweza kuianza jioni hii hii.

FELTI NI KITU GANI?

Huko Ulaya na Marekani kazi hii hufanywa kwa kitambaa kiitwacho felti. Felti haifumwi kama kitenge au khanga. Felti ya asili ni sufu ya kondoo iliyoloweshwa kwa maji ya moto na sabuni, ikasuguliwa na kugandamizwa mpaka nyuzi zake zikashikana zenyewe. Kwa kuwa haikufumwa, ukiikata haichomoki nyuzi, wala huna haja ya kuipiga pindo. Ndiyo maana hata mtoto wa miaka saba aweza kuishona.

Tusikilize habari za mwanamke mmoja aliyeijua felti kuliko wengi. Margarete Steiff alizaliwa mwaka 1847 katika mji mdogo wa Giengen, Ujerumani. Alipokuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu alipatwa na polio. Miguu yake ikapooza, mkono wa kuume ukawa dhaifu, akaishi katika kiti cha magurudumu. Siku zile mtu wa namna hiyo hakutazamiwa kujitegemea. Yeye akajifunza kushona. Mwaka 1877 akafungua duka lake la nguo za felti. Mwaka 1880 akaanza kushona tembo wadogo wa felti, wawe vifaa vya kuchomekea sindano. Lakini watoto walipowaona tembo wale wakawachukua, wakacheza nao! Hapo kazi yake ikageuka: yule mshona nguo akawa mtengeneza vichezeo. Baadaye mpwa wake akabuni dubu, na katika mwaka 1907 peke yake kiwanda chao kilitengeneza dubu karibu 975,000. Mama huyu alifariki mwaka 1909, na kiwanda chake kingalipo hata leo.

Tumemtaja kwa sababu moja. Je, kwenu yuko mtoto mwenye ulemavu, anayeshinda ndani wakati wenzake wako machungani au shuleni? Usimfiche. Mpe sindano na uzi, ukae naye. Iringa kuna karakana ya Neema Crafts, iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya ndugu zetu Waanglikana. Humo viziwi na wenye ulemavu wa viungo wamejifunza kazi za mikono na kupata riziki yao. Mkono mmoja ulio mzima, na uvumilivu, vyatosha kuanza.

TUPATE WAPI KITAMBAA?

Usisumbuke kutafuta felti dukani. Nyanda za Tarime zina baridi, na sweta na mablanketi ya mitumba huuzwa gulioni. Ikiwa una sweta iliyotoboka viwiko, hiyo ndiyo felti yako, mradi iwe ya sufu kweli.

Utaijuaje? Chukua uzi mmoja wa sweta hiyo, uushike kwa koleo, nje ya nyumba na mbali na watoto, uuguse motoni. Ukinuka kama nywele zilizoungua, na kuacha majivu yanayovunjika, ni sufu. Ukiyeyuka na kugeuka punje ngumu, ni nyuzi za plastiki. Sweta nyingi za shule ni za namna hii ya pili.

Sweta ya sufu itie katika karai la maji ya moto yenye sabuni. Ikoroge kwa mwiko wa zamani, na maji yakipoa kiasi cha kustahimilika, isugue kama mtu afuaye nguo yenye tope. Isuuze kwa maji baridi, ikamue, kisha rudia mara tatu au nne. Sufu itanywea na kuwa nene. Siku nyingine ungesikitika kuiharibu sweta namna hiyo. Leo ndivyo tunavyotaka. Ianike kivulini. Ikikauka, ikate upendavyo: haitafumuka.

Huna sweta ya sufu? Blanketi kuukuu lafaa. Tena kuna mafundi cherehani wanaokaa barazani mwa maduka, ambao kila siku hufagia vipande vya vitenge na vya sare za shule. Mwombe fundi kwa adabu akuwekee mfuko mmoja. Ila kitambaa kilichofumwa huchomoka nyuzi. Basi kishone kwa ndani, ukiacha nusu sentimita pembeni, kisha kigeuze kama unavyogeuza foronya.

Cha kujaza ndani ni pamba iliyotolewa mbegu, ambayo ndugu zetu wa Serengeti na Bunda wanailima, au vitambaa laini vilivyokatwa vidogo vidogo. Usijaze pumba wala nafaka. Panya watakuja kula kabla ya watoto kucheza.

TUANZE NA NYANYA

Kata duara la kitambaa chekundu, lenye upana wa sentimita 15. Tia uzi maradufu katika sindano, ufunge fundo. Piga bandi kuzunguka ukingo wote, nusu sentimita kutoka pembeni. Sasa vuta uzi polepole: duara litajikusanya kama mdomo wa mfuko. Jaza pamba, kaza uzi, na ufunge fundo mara mbili. Kata nyota ya kijani yenye ncha tano, uishone juu ya fundo ili ulifiche. Nyanya yako tayari!

Kwa njia hiyo hiyo waweza kushona chungwa kwa kitambaa cha rangi ya chungwa, na kitunguu kwa zambarau. Duara kubwa la kahawia ni ugali wa udaga na mtama.

Yai la kukaanga ni jepesi zaidi. Kata kipande cheupe, umbo lake lisilo sawasawa kama yai lililomwagika kikaangoni. Kata duara dogo la njano la sentimita 4, ulishone katikati.

Samaki: mchore kwanza katika karatasi ya daftari, urefu wa kiganja. Kata vipande viwili vinavyolingana. Magamba yafanye kwa mishono midogo ya upinde, na jicho kwa uzi mweusi. Viweke vipande pamoja, ushone ukingo kwa nje. Ingiza sindano, na kabla ya kuukaza uzi, ipitishe sindano katika kitanzi chake. Ndio mshono uuonao pembeni mwa blanketi. Acha nafasi ya vidole viwili, jaza pamba, umalizie. Ndizi hushonwa vile vile, kwa vipande viwili vyenye umbo la mwezi mchanga. Jani la sukuma wiki halijazwi kitu. Yatosha kulipiga bandi zinazofuata mishipa ya jani.

Vielelezo vya ng'ambo hufundisha kushona keki na soseji. Hizo tuwaachie wenyewe. Mtoto wa Nyakunguru ashonewe kile anachokiona jikoni kwa mama yake: ugali, dagaa wa Ziwa Victoria, maharage, viazi vitamu, ndizi za Tarime, kibuyu cha maziwa.

ANGALIENI USALAMA

Hapa twawasihi msifanye mzaha. Sindano zihesabiwe kabla ya kazi na baada ya kazi, na zikae katika kikopo chenye kifuniko. Sindano iliyopotea katika mkeka hupatikana kwa mguu wa mtoto.

Mtoto aliye chini ya miaka mitatu hutia kila kitu kinywani. Kichezeo chake kisiwe na kifungo, shanga wala kipande chochote kinachoweza kung'oka na kumkaba koo. Macho na mbegu zote zifanyike kwa uzi. Wala kichezeo chenyewe kisiwe kidogo kiasi cha kuingia chote kinywani. Ukimaliza kukishona, kivute kwa nguvu zako zote. Kama mshono waachia, urudie. Kisha kifuliwe mara kwa mara na kuanikwa juani, kama nguo nyingine.

FAIDA YAKE NI NINI?

Labda baba mmoja atauliza: "Nyanya ya kitambaa itanipa nini mimi?" Swali hili ni halali, nasi tutalijibu.

Kwanza, lugha. Mtoto mwingi wa Kikurya hufika darasa la awali akiijua lugha ya mama yake peke yake. Mwalimu asema Kiswahili, naye mtoto akaa kimya kama mgeni. Sasa fikiri mtoto aliyecheza nyumbani duka la vyakula vya kitambaa. Mama ashika samaki, amtaja kwa Kikurya, kisha kwa Kiswahili. "Nipe nyanya tatu. Hii bei gani? Nirudishie chenji." Fedha ni vifuniko vya soda. Mtoto huyu ataingia darasani anajua kuhesabu, kuomba, kushukuru na kutaja rangi. Wala lugha ya mama yake hakuipoteza.

Mnajua pia tunayoyaona katika vijiji hivi. Nyakunguru ni mojawapo ya vijiji vinavyouzunguka mgodi wa dhahabu wa North Mara, uliofunguliwa mwaka 2002. Kila mzazi wa huko ajua jinsi mawe ya mgodi yanavyowavuta vijana kutoka darasani. Hatusemi kwamba samaki wa kitambaa atamzuia kijana wa miaka kumi na minne. Twasema kwamba mapenzi ya shule huanza mapema, na mtoto aliyeona aibu mwaka wa kwanza kwa kutoelewa neno ndiye anayekuwa wa kwanza kuchoka. Samaki mkunje angali mbichi.

Pili, lishe. Uchunguzi wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Wengine si kwamba hawakushiba. Walishibishwa ugali na uji mtupu kila siku, pasipo mboga, matunda, maharage, maziwa wala samaki. Basi shona sahani nzima! Mwulize mtoto: "Katika sahani hii kuna ugali peke yake. Kumepungua nini?" Akiweka maharage, mchicha na chungwa, amejifunza somo la muuguzi wa kliniki. Nawe mzazi umelisikia pia. Lakini mkumbuke: chakula cha kitambaa hakijazi tumbo. Mtoto akikuwekea yai la kitambaa sahanini, mtafutie na la kuku.

Tatu, kukaa pamoja. Kichezeo cha plastiki hununuliwa, hupewa mtoto, naye huambiwa aende kuchezea nje. Cha kushonwa hakiji bila mama au baba kuketi. Twajua kwamba mama wa kijijini ana shamba, kuni, maji na mifugo, na siku yake imejaa. Hatumwambii aongeze mzigo. Kuna ile nusu saa ya kungoja maharage yaive, na ile ya jumuiya ndogo ndogo kabla watu hawajatimia. Haba na haba hujaza kibaba. Nyanya moja leo, ndizi moja Jumapili, na kabla ya mwezi kwisha mtoto ana gulio zima.

AKINA BABA NA WAVULANA NAO

Wengine watasema kwamba sindano ni ya wanawake. Je, yule fundi cherehani wa barazani si mwanamume? Na viatu vyako hushonwa na nani? Mvulana akijua kushona atajitilia kifungo na kuziba suruali yake. Msichana naye asiambiwe kwamba kuna kazi ya mkono asiyoiweza. Baba aweza kuchora mifano, kukata kwa mkasi, na kumtengenezea mtoto jiko dogo kwa mabaki ya mbao.

Tena iko kazi ambayo baba aijua kuliko mama, nayo ni ng'ombe. Mkurya humjua ng'ombe wake kwa rangi na kwa pembe. Basi amwambie mtoto wapi pa kuweka doa jeusi na wapi jeupe, pembe zielekee wapi, na nundu iwe kubwa kiasi gani. Watoto wetu hufinyanga ng'ombe kwa udongo tangu zamani. Huyu wa kitambaa ni ndugu yake, ila yeye akilowa mvua havunjiki.

MAPAMBO YA NOELI

Ng'ombe huyo atupeleka Betlehemu. Mwaka 1223 Mtakatifu Fransisko wa Asizi alitengeneza hori huko Greccio, Italia, usiku wa Noeli, akaleta ng'ombe na punda wazima, ili watu waone kwa macho umaskini aliozaliwa nao Bwana wetu. Tangu hapo pango la Noeli limeenea duniani. Hayati Papa Fransisko alikwenda Greccio tarehe 1 Desemba 2019, akatia sahihi barua yake ya kitume kuhusu pango, akizihimiza familia zisiiache desturi hiyo.

Pango la kununua ni ghali. La kushona laweza kufanywa na kila jumuiya. Gaweni kazi: nyumba hii imshone Mama Maria, ile Mtakatifu Yosefu, nyingine wachungaji. Watoto wa Utoto Mtakatifu washone kondoo na nyota. Mtoto Yesu ashonwe na nyumba iliyopata mtoto mwaka huu. Ng'ombe awe wa kwetu, mwenye nundu. Na wachungaji wajifunge shuka kama wachungaji mnaowaona kila siku. Anzeni mapema, kabla ya Majilio.

Kwa mapambo ya ukutani au ya mti, acheni watoto wacheke kidogo. Sindano haina sheria ya rangi. Tembo aweza kuwa na maua ya kitenge, twiga aweza kuwa wa buluu, kuku aweza kuvaa kofia. Mungu aliyeumba kifaru na konokono hakatai furaha.

JE, TWAWEZA KUUZA?

Yawezekana, lakini msikimbilie huko. Njoro, nchini Kenya, kuna akina mama wa Kenana Knitters, kazi iliyoanza mwaka 1998. Wao husokota sufu kwa mkono na kufuma wanyama wa kuchezea, na kila mnyama huwa na kijikaratasi chenye jina la mama aliyemfuma. Wameuza mpaka nchi za ng'ambo. Siri yao ni kazi safi isiyofumuka, na mnunuzi kumjua mwenye mkono. Akina mama wa WAWATA wa kigango wakipenda, waanze kwa kushonea chumba cha darasa la awali, au watoto yatima wa parokia. Kazi ikinyooka, soko mtalitafuta baadaye.

Katika Matendo ya Mitume twasoma habari za Tabita wa Yopa. Alipokufa, wajane hawakumsifia Mtume Petro maneno aliyoyasema wala mali aliyoiacha. Walimwonyesha nguo alizowashonea kwa mikono yake, huku wakilia.

Basi, akina mama na akina baba, jioni ya leo tafuteni sindano moja, uzi na kipande chekundu. Mtakapomaliza nyanya ya kwanza, mpeni mtoto aitie katika chungu chake cha kopo. Naye akiwakaribisha chakula, msipite. Ketini, mnawe mikono kwa kujifanya, mle.